Mrija wa Upande wa Kulia

"Uongo mimi naunusa ukiwa bado mlangoni unavua viatu," Pua alimwambia Matroni asubuhi ile, akitua faili mezani kama mtu anayecheza karata yake ya mwisho. "Nipe mpaka saa nane mchana. Tena saa nane ni nyingi, nitapata na muda wa kulala."

Matroni alikuwa ameshasikia majigambo ya madaktari, ya wagonjwa na ya wauza magodoro. Hakuinua hata macho.

"Saa nane kamati inakaa. Ukisema Sista kaandika uongo, anavua sare leo hii, na leseni yake inafutwa. Miaka kumi na tisa ya kazi. Kwa hiyo nusa vizuri."

Pua halikuwa jina la kwenye kitambulisho. Alilipata polisi, alikokaa miaka kumi na moja kama mpelelezi kabla hospitali haijamchukua kushughulikia malalamiko. Nusu alipewa kwa sababu ya kazi, na nusu kwa sababu ya pua yenyewe, ambayo ilikuwa na tabia ya kuingia chumbani kwanza halafu mwenyewe akafuata.

Na lalamiko la safari hii lilikuwa la nyumbani. Mgonjwa alikuwa baba mkwe wake, mwalimu wa udereva mstaafu. Matroni hakutaka mkwe amchunguzie mkwe, lakini daktari mpasuaji mwenyewe, aliyemtibu mzee, ndiye aliyemtetea. "Mwachieni Pua," alisema mbele ya watu. "Yule akianza kufukua hajali anafukua uani kwa nani." Daktari na Pua walikaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Siku ya harusi ya Pua, daktari ndiye aliyekuwa msimamizi, na ndiye aliyemfunga tai.

Habari ya kwenye faili ilikuwa fupi. Miezi saba iliyopita mzee alitolewa mawe kwenye njia ya mkojo, akawekewa mrija: plastiki laini, mwembamba kuliko mrija wa soda, umetobolewa vitundu ubavuni, umejikunja ncha zote mbili kama mkia wa kinyonga. Ncha ya juu hukaa kwenye figo, ya chini kwenye kibofu, mkojo ukapita wakati kidonda kinapona. Ukishamaliza kazi unatolewa. Baada ya wiki sita mzee alirudi, na kitabu cha chumba cha kamera, ile yenye taa ya kuchungulia kibofu, kikaandikwa kwa mwandiko wa Sista: *Mrija mmoja umetolewa, mzima.* Sahihi chini yake.

Ijumaa iliyopita mzee aliletwa anatetemeka kwa homa. Picha ya eksirei ilionyesha mrija upande wa kulia, umetulia pale kama mpangaji asiye na habari ya kuhama, umeota gamba kama la ndani ya birika. Figo ya kulia ilikuwa imevimba. Kesho asubuhi mpasuaji mwingine angeingia kuutoa, na hakuna aliyethubutu kusema kama figo itabaki.

Kila pakiti ya mrija huja na stika yenye namba, nayo hubandikwa kwenye faili. Faili la mzee lilikuwa na stika moja. Mrija mmoja umeingia, mmoja umeandikwa umetoka, mmoja bado umo. Hesabu ya darasa la kwanza.

"Kwa hiyo hukuutoa," Pua alimwambia Sista.

Walikuwa kwenye chumba cha kamera, chumba kidogo chenye kitanda kirefu na pazia lililokosa pete mbili. Sista alikaa kwenye stuli ya mgonjwa, mikono magotini.

"Mimi sitoi. Anatoa daktari. Mimi nashika, naandika."

"Uliandika umetoka."

"Ulitoka. Aliipitisha kamera, akaubana, akauvuta. Nikaupokea kwenye kibakuli. Nikautazama kama mzima, nikautupa kwenye pipa la taka za hospitali. Nimeandika mzima kwa sababu ulikuwa mzima."

"Pipa la miezi mitano iliyopita. Ushahidi mzuri sana huo. Twende tukaupekue?"

"Wewe cheka tu, kaka. Nina watoto watatu nyumbani, wao hawacheki."

Pua akafunga kalamu, akaifungua tena. "Halafu ikawaje?"

"Halafu akaingiza kamera tena. Mara taa yake ikafa. Giza tupu. Akasema basi, tumemaliza, andika. Nikaandika."

"Ngoja. Mrija umeshatoka. Kamera anairudisha ndani kutafuta nini?"

"Sikumuuliza."

"Kwa nini?"

Sista alimtazama kama anayetazama mgeni aliyeuliza choo kiko wapi akiwa amesimama mlangoni mwake. "Daktari haulizwi, kaka. Asubuhi moja tuna wagonjwa kumi na watatu. Nikianza kuuliza, wa mwisho anatoka kesho."

Pua akaandika: *Hadithi ya taa. Ya kujitetea.* Akaipigia mstari.

Kwenye korido alikutana na daktari, vikombe viwili vya kahawa mkononi. Kimoja kilikuwa cha Pua, sukari vijiko vitatu, maana rafiki wa kweli hakumbushwi sukari.

"Anasemaje?"

"Anasema ulitoka."

Daktari alitikisa kichwa kwa huruma. "Maskini. Amechoka yule. Sasa wewe fikiria mwenyewe, ndugu yangu. Mtu akiziba hakojoi. Mzee wetu tunampima kila siku, lita moja na nusu. Maana yake mrija haujaziba kabisa, umeanza juzi tu. Siku ile nilishindwa kuushika, nikamwambia aandike umebaki. Angeandika ukweli siku ile ile, ningeutoa kesho yake."

"Lita moja na nusu," Pua alirudia. Ilikuwa na mantiki. Bomba likiziba, maji hayatoki. Alikunywa kahawa yake yote, akashukuru.

Wodini ndiko kulikokuwa na kazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, baba."

Mkwe alisimama hatua mbili kutoka kitandani, macho dirishani. Baba mkwe alilala macho darini. Mama mkwe alikaa pembeni akikunja shuka. Kwa mbali ungedhani watu watatu wanangoja picha ipigwe.

"Kuna maswali ya kazi, baba. Samahani sana."

"Uliza tu."

"Ni kuhusu ile haja."

"Haja ipi?"

"Ndogo, baba."

Mama mkwe alikunjua shuka lililokuwa limeshakunjwa, akaanza upya.

"Inatoka?" Pua aliuliza dirisha.

"Inatoka."

"Vizuri?"

"Baba, imetoka. Chupa hiyo chini ya kitanda. Unataka tuipigie makofi?"

Pua alihisi masikio yanapata moto. Miaka kumi na moja alikuwa amehoji wezi, matapeli, na mtu mmoja aliyeuza nyumba ya jirani mwenye nyumba akiwa ndani anakula, na hakuwahi kukwama hivi. Ndipo mzee akamhurumia. Alikuwa amefundisha watu elfu kadhaa kuendesha gari, na alijua mwanafunzi anapoishikilia breki kwa woga.

"Tuseme ni gari," mzee alisema.

"Ahsante, baba. Tuseme ni gari."

"Waliponiwekea vile vitu, kila nikitaka kupunguza maji, kunachoma huku ubavuni, juu kabisa. Kushoto na kulia kwa pamoja. Taa za hazadi. Unanielewa? Nikianza zinawaka, nikimaliza zinazimika."

"Zote mbili?"

"Nimesema hazadi. Siku ile ya kutoa, nilivyofika nyumbani, kushoto kimya. Indiketa ya kulia ikabaki inawaka. Kila nikienda, kulia. Kila nikienda, kulia."

"Mpaka lini?"

"Wiki ya tisa hivi. Siku moja nimeamka, nimekwenda, hakuna kitu. Imezimika yenyewe. Nikamwambia mama yako leo nimepona, nikatembea mpaka sokoni na kurudi bila fimbo." Mzee akarudisha macho darini. "Kumbe balbu imeungua."

Pua aliandika haraka: *Kushoto kulikoma siku ya kutolewa. Kulia kuliendelea wiki tisa.* Mama mkwe aliinua uso kutoka kwenye shuka, akafungua mdomo, lakini mkwe wake alikuwa ameshageuka anaaga. Mtu akishapewa njia ya kutokea kwenye mazungumzo ya namna ile haulizi swali la ziada.

Chumba cha kuoshea vifaa kilikuwa nyuma ya ukumbi wa upasuaji, chumba chenye mvuke na harufu ya spiriti. Aliyekitawala aliitwa Mama Vifaa hata na waliomzidi umri. Miaka ishirini na sita alikuwa ameosha, amehesabu na amefunga kila kilichoingia mwilini mwa mtu hospitalini pale, na alikuwa na mazoea ya kuwatazama wapasuaji kama mtu anayewatazama watoto walioazima visu vyake.

"Mama, maumivu ya ubavuni mtu akikojoa yanatoka wapi?"

"Aliyewekewa mrija?"

"Ndiyo."

"Kibofu kikijibana, mkojo unatafuta mlango. Mlango wa chini upo. Lakini mrija nao umeacha mlango wa juu wazi. Basi mwingine unapanda, unaisukuma figo. Ndiyo hicho kinachoma."

"Na maumivu yakikoma, na mrija bado umo?"

Mama Vifaa aliacha kufuta mkasi. "Umeziba, mwanangu. Mkojo haupandi kwa sababu hauna pa kupandia."

"Sasa ukiziba si angeacha kukojoa?"

"Nani kakuambia?"

Mama Vifaa alifungua droo, akatoa mrija mmoja ambao tarehe yake ya matumizi ilikuwa imepita. Akachukua mipira miwili mirefu ya plastiki angavu, akaiunganisha kwenye mabomba mawili ya sinki, na ncha zote mbili akazitumbukiza kwenye ndoo moja. Mrija akauchomeka ndani ya mpira wa kulia. Akafungua maji kidogo.

"Tazama. Yanapita ndani ya mrija, yanatokea kwenye hivi vitundu, mengine yanapita nje yake. Sasa naziba." Alichukua nta ya kubandikia lebo, akaigandamiza kwenye tundu la juu. "Unaona? Ndani hakupiti kitu. Lakini?"

"Yanapita pembeni," Pua alisema. Maji yalikuwa yanateleza kati ya mrija na ukuta wa mpira, membamba, bila haraka.

"Yanapita pembeni. Mtu anaweza kukaa hivyo miezi, hajui. Mkojo wenyewe unaacha gamba juu ya plastiki, kidogo kidogo. Nje nako kunajaa." Aliuzungushia mrija plasta mara mbili, akaurudisha. Mpira wa kulia ukaanza kufura juu ya plasta. Chini yake halikutoka hata tone. "Sasa huku kumefungwa kabisa. Niambie, ndoo inajaa haijai?"

Pua alitazama ndoo. Mpira wa kushoto ulikuwa unamwaga bila wasiwasi.

"Inajaa."

"Basi ukitazama ndoo peke yake, utajuaje ni mpira upi unamwaga? Figo moja nzima inatosha kujaza chupa yenu ya lita na nusu, na ikasaza."

Pua alivuta stuli akakaa bila kukaribishwa. Mkononi alikuwa bado ameshika kikombe kitupu cha kahawa. Alikitazama, akakiweka chini taratibu, mbali na yeye.

"Mama, mgonjwa wangu kabla ya kutolewa alikuwa anaumwa pande zote mbili. Siku ya kutolewa, kushoto kukakoma."

"Basi kushoto ulikuwepo, ukatoka. Mtu haumwi na mrija asio nao."

"Faili linasema alikuwa na mmoja."

Mama Vifaa alikausha mikono kwa aproni, akaenda kabatini, akatoa daftari la shule la kurasa mia mbili, lililovimba kama mkate. "Pakiti ina stika mbili. Moja ya faili, ya pili huwa wanatupa. Mimi situpi. Mwaka nilipokuwa mgeni nilisingiziwa mkasi. Tangu siku hiyo kila kinachoingia kwa mtu nakibandika humu, na tarehe, na namba ya mgonjwa. Wananicheka. Waache wacheke."

Alilamba kidole, akafunua kurasa. Tarehe ya upasuaji wa mzee, namba ya mzee, na chini yake stika mbili za namba tofauti, za pakiti mbili, zimekaa bega kwa bega. Akafunua tena mpaka siku ya kutolewa. Pale palikuwa na mwandiko wake wa herufi kubwa: TAA YA KAMERA IMEUNGUA, MGONJWA WA NNE. NIMEWEKA MPYA.

Pua alifungua kitabu cha chumba cha kamera. Mgonjwa wa nne siku ile alikuwa mzee.

Halafu alifungua faili, akaliinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya stika ile moja palikuwa na alama ya mraba, saizi ile ile, karatasi imechubuka na kuota manyoya. Gundi ilikuwa bado inanata kidole. Faili hili hakulitoa masjala. Alikabidhiwa mkononi na daktari Jumatatu, pamoja na kahawa.

Saa saba na robo daktari alikuwa ofisini kwake, miguu juu ya kiti cha pili.

"Umemaliza?"

"Bado swali moja. Mirija uliyoweka ilikuwa mingapi?"

"Mmoja. Si unalo faili?"

"Taa ilipokufa, ulikuwa unatafuta nini?"

Daktari alishusha mguu mmoja. Baada ya muda akashusha wa pili.

"Sista kakuambia?"

"Kaniambia asubuhi, nikadhani anatunga. Nikapigia na mstari." Pua aliweka faili mezani, limefunguliwa pale penye mchubuko. "Stika ya pili iko wapi?"

"Nimeitupa." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeulizwa ni saa ngapi. "Nilitaka kuutoa ule wa kulia Jumatatu yake, ndugu yangu. Nakuapia. Jumatatu ikaja ajali, watu tisa mezani. Jumanne nikasahau. Nimekuja kukumbuka Ijumaa, nimeshika picha ya eksirei mkononi."

"Ukabandua."

"Nikabandua."

"Ukajua ukibandua, aliyeandika ukweli anakuwa mwongo."

"Yule angepewa barua ya onyo tu, nilidhani. Sikujua Matroni atafika kwenye leseni."

"Ulijua jana, barua ya kamati ilipotoka. Na leo asubuhi ulikuwa unamwonea huruma huku unaniletea kahawa."

Daktari alisogeza kikombe chake pembeni.

"Mimi je?" Pua aliuliza. "Wapelelezi wako wengi. Ulisimama mbele ya watu ukanitaka mimi. Nikaona fahari. Nilimwambia mpaka mke wangu."

"Wewe hunikagui," daktari alisema, na jambo baya ni kwamba alisema kwa upendo. "Tangu kidato cha kwanza. Ulikuwa unanakili hesabu zangu bila hata kusoma swali. Nilijua nikikuambia lita moja na nusu, utaandika lita moja na nusu."

Pua alilivuta faili kwake. Mtu huyu alikuwa amelala kwenye kochi lake, amebeba watoto wake, alikuwa akimwita mzee "mzee wetu". Alilifunga faili.

"Utasema mwenyewe au niseme mimi?"

"Nitasema." Daktari aliinuka, akavaa koti lake jeupe, akakosea vifungo, akaanza upya. "Ila na mimi niulize. Huyo mzee wiki zote hizo anaumwa upande mmoja, mbona hakusema? Angenitumia neno moja tu, kulia kunachoma, ningejua dakika ile ile. Ningekumbuka. Figo ingekuwa nzima."

"Twende, tunachelewa," Pua alisema, akatangulia mlangoni.

Kamati ilikuwa Matroni na meza yake. Sista alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya chumba, sare yake imepigwa pasi kama ya siku ya kwanza kazini. Mama Vifaa alisimama ukutani, amekumbatia daftari kifuani. Mama mkwe aliitwa athibitishe tarehe, kwa kuwa mzee hawezi kusimama. Alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani.

Pua aliwapa kazi ya kiwango. Alieleza hazadi na indiketa, akaeleza mipira miwili na ndoo moja, akafungua daftari mbele ya Matroni na kulilinganisha na faili, stika kwa mchubuko. Alieleza kwa nini chupa ya mkojo ilimdanganya kila mtu, akaweka wazi kwamba na yeye alidanganyika mpaka saa tano. Halafu daktari alisimama, akasema yote, kwa ufupi, bila kumtazama mtu.

Matroni aliandika muda mrefu. Kisha akamgeukia Sista. "Uliandika mmoja, na mmoja ndio uliotoka. Kesho njoo kazini. Na utasamehe."

Sista alijifunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kucheza, na Mama Vifaa akaenda kusimama nyuma ya kiti chake.

"Nifunge ukurasa kwa swali moja," Matroni alisema. "Pua, kadi ya kila mgonjwa imeandikwa: ukiumwa, rudi. Huyu ameumwa wiki tisa. Hakurudi, hakusema?"

"Hakusema," Pua alijibu. "Mzee ni mtu wa haya. Mambo haya kuyatamka kwake ni mtihani, leo mwenyewe nimeshuhudia. Nimeandika ukurasa wa tatu: mgonjwa hakumweleza mtu yeyote."

"Alieleza."

Sauti ilitoka karibu na mlango. Ilikuwa ndogo, na ilibidi Matroni aegemee mbele.

"Alieleza, mama?"

"Alinieleza mimi. Wiki ya tatu tangu atolewe. Akasema kulia bado kunamchoma, na kumwambia mkwe anaona aibu. Nikasema aibu yako niachie mimi. Nikampigia simu huyu baba." Mama mkwe hakunyoosha kidole. Alielekeza kidevu tu. "Nikamwambia upande wa kulia, akienda haja ndogo. Nikamwambia muulize rafiki yako."

Pua alikuwa ameshika ukurasa wa tatu.

"Akanirudishia simu, chai yangu ilikuwa haijapoa. Akasema nimemuuliza, mama. Anasema ni kawaida, anywe maji mengi."

Matroni alimgeukia daktari. "Alikuuliza?"

Daktari alimtazama rafiki yake. Ungeona kabisa anatafuta namna ya kumsaidia, kisha akaacha.

"Hapana," alisema. "Hakuniuliza kitu."

Sista alikuwa ameondoa viganja usoni. Watu wote walikuwa wanamtazama Pua, na yeye akageukia mahali pekee pasipokuwa na jicho la mtu, dirishani. Hakukuwa na cha kuona huko.

"Mama," alianza, "siku ile, nadhani nilikuwa na—"

"Najua, baba. Ulikuwa kazini." Mama mkwe alifunga zipu ya mkoba wake, polepole, mpaka mwisho. "Mimi nakuambia tu nilichofanya mimi. Wiki zote zile, kila akiugulia, nilikuwa namwambia: nyamaza, mume wangu, mkweo ameshauliza."